Mpigaji Ndiye Anayekata

Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Waya wake ulipita ndani ya nguo, ukapanda kifuani, ukaishia sikio la kushoto chini ya mtandio. Kwa hiyo Bi Halo alipoketi mezani na watoto wake, mkamwana wake, mjukuu wake na kaka yake, saa nane na nusu mchana, siku ya mwisho ya likizo ya mwisho wa mwaka, alikuwa ameketi pia na mtu ambaye hakuna aliyemwalika.

"Wameshakaa wote, mama yangu?" mtu huyo akamuuliza sikioni. "Kohoa mara moja kama ndiyo, mara mbili kama bado."

Bi Halo akakohoa mara moja.

"Hicho kikohozi, Mama, kimeanza tangu asubuhi," akasema binti yake, ambaye ni muuguzi na hata likizoni haachi uuguzi wake. "Tukimaliza kula nitakusikiliza kifua."

"Mwambie ni vumbi," ikasema sauti.

"Ni vumbi tu," akasema Bi Halo. Moyo ukamshuka, maana hakuwahi maishani mwake kutiwa maneno mdomoni na mtu asiyemjua, tena akayatoa vilevile kama alivyotiwa.

Jina la Bi Halo alilipata kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa shirika la simu, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji wa pili ilibidi kwanza uongee na mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, akuulize unamtaka nani, achomeke waya mmoja hapa na mwingine pale, kisha akwambie, "Subiri kwenye laini, nakuunganisha." Maneno hayo aliyasema mara nyingi kuliko alivyolitaja jina la mumewe. Na ukutani, juu ya ubao, palikuwa na kibao cha bati chenye amri moja: MPIGAJI NDIYE ANAYEKATA. Opereta hakati. Mpigaji awe mlevi, awe analia, awe anakutukania wazazi wote wawili, wewe unasubiri mpaka achoke mwenyewe. Msichana mmoja aliyewahi kumkatia simu mkubwa fulani alifungashiwa virago siku hiyohiyo, na Bi Halo, aliyekaa kiti cha pili, alimwona akitoka na viatu mkononi. Mashine zilipokuja kuchukua kazi yao, wenzake waliondoka na vyeti na saa za ukutani. Yeye aliondoka na ile amri, imemganda mwilini. Hata leo, wauza dawa za mende wakimpigia, huwasikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha huwatakia kazi njema.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukimpigia saa tatu asubuhi ukamwambia "usikate simu, mama," unadhani atafanya nini?

Mpigaji alijitambulisha kuwa ni Afisa wa Usalama wa benki yake. Alikuwa na sauti safi, ya upole, sauti ya mtu aliyelelewa akaleleka. Alimwambia kuna mtu anachota kwenye akaunti yake, mtu wa ndani, mtu anayeijua simu yake vizuri. "Sitaki kukuharibia sikukuu na familia yako, mama yangu," alisema, "lakini wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mtu yuko nyumbani kwako leo." Dawa yake ni kuzihamishia pesa mahali salama. Ujumbe wenye tarakimu sita utaingia sasa hivi, amsomee. Mwingine utaingia saa tisa alasiri, amsomee pia. Katikati hapo laini isikatwe hata dakika moja, maana ikikatwa mfumo unabaki wazi na mwizi anabeba kila kitu. Na asimwambie mtu. "Ni mimi na wewe tu tunaojua, mama."

Pesa zenyewe hazikuwa utajiri. Zilikuwa za karakana ya useremala ya marehemu mumewe, iliyouzwa misumeno, meza na yote. Lakini ndizo zilizomfanya akae kwenye nyumba yake mwenyewe, afunge mlango wake mwenyewe, anunue dawa zake bila kueleza. Zilikuwa pesa za kutomwomba mtu chumvi. Bi Halo alivaa miwani akamsomea Afisa namba ya kwanza, moja baada ya moja, kwa matamshi yaleyale ya kazini.

Tangu hapo alikuwa mfungwa. Alipika na Afisa. Alichomeka simu kwenye umeme pale jikoni akasimama nayo karibu kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Alikwenda nayo msalani, akaona haya, akafungua bomba maji yamwagike ili asisikike. Kila robo saa sauti iliuliza, "Upo, mama yangu?" naye alijibu, "Nipo," kwa sababu opereta akiulizwa kama yupo, yupo.

Tusimwone mjinga. Kufika saa sita alikuwa ameshaanza kunusa. Nyuma ya sauti ya Afisa alisikia sauti nyingine, ya kike, ikimwambia mtu mwingine, "Usikate, baba yangu, ni mimi na wewe tu." Masikio yaliyokaa miaka thelathini na moja kwenye nyaya hayapitwi na kitu kama hicho. Alijiambia kuwa benki ina wateja wengi. Alijiambia hivyo mara ya kwanza, akajiambia mara ya pili, na mara ya tatu akajua kuwa anajidanganya. Lakini namba ya kwanza alikuwa ameshaisoma, na mdomo ukishamwaga haukingi.

Kwa nini basi asiite watoto? Walikuwa pale pale, chumba cha pili, wanacheka na kugombania karata. Jibu lilikuwa limekaa mwisho wa meza, limevaa shati jeupe lililopigwa pasi, linatazama sahani yake. Jibu lilikuwa kaka yake.

Kaka alikuwa fundi saa. Nusu ya saa za mji zilipita mkononi mwake, na hiyo ya ukutani pale sebuleni aliiokota jalalani akaifufua. Mwaka jana, kabla ya likizo, akiwa peke yake kwenye chumba chake cha kupanga, alipigiwa simu na mtu aliyemwambia ameshinda zawadi ya wateja wazee, ila kuna ada ndogo ya kulipia kwanza. Ada ndogo ilizaa ada, nayo ikazaa nyingine, mpaka akiba ikakauka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii yake iliwekwa mezani, kwenye meza hiihii, likizo ya mwaka jana. Mwana mkubwa wa Bi Halo, ambaye tangu utoto wanamwita Meneja kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwatunzia wadogo zake gololi na kuwapa kwa zamu, alisema Mjomba lazima alindwe. Basi wakamlinda. Kadi ya benki ikachukuliwa. Simu ikachukuliwa, akapewa kisimu chenye namba tatu tu ndani yake. Tangu siku hiyo mzee wa miaka sabini na sita akitaka betri za saa huomba, huandika ni za nini, kisha hupeleka risiti. Na kwenye familia ukazaliwa msemo: mtu akisahau ufunguo au akiunguza chai, wanamwambia, "Usituletee ya Mjomba," wote wanacheka, na Mjomba anacheka nao kwa kuwa amekaa hapohapo.

Na nani alisema, "Mchukulieni kadi, ni kwa faida yake"? Bi Halo mwenyewe. Wahenga wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yeye hakutia maji. Yeye ndiye aliyeshika wembe.

Kwa hiyo alijua vizuri kinachomsubiri. Mlango huu yuko mwizi, mlango ule wako watoto, naye amesimama katikati ana sahani ya viazi mkononi.

"Simu zote kwenye kapu!" akaita Meneja.

Hiyo ilikuwa kawaida yao. Marehemu mumewe ndiye aliyeianzisha, naye alikuwa mtu wa masharti machache lakini ya misumari: siku ya mwisho ya likizo, kabla ya kula, kila mtu anamshukuru mtu mmoja tu aliyeko mezani, kwa jambo moja tu. Kusema "asante kwa kila kitu" ni marufuku, kwa sababu kila kitu si kitu. Aliyeshukuriwa ndiye anayepokea zamu. Na hakuna kuinuka mezani mpaka mzunguko uishe. Kapu la simu aliliongeza Meneja miaka ya karibuni.

Kapu likazunguka. Bi Halo akaingiza mkono mfuko wa pili, akatoa simu ya marehemu, kidude cha zamani kisichowaka tangu mazishi, akaitumbukiza. Asubuhi aliitoa kabatini makusudi kwa kazi hiyo, Afisa akimwelekeza. Hakuwahi kumtumia mumewe kudanganya wanawe, si akiwa hai wala akiwa kaburini, mpaka leo. Alijichukia.

"Umefanya vizuri," ikasema sauti. "Zimebaki dakika ishirini na tano."

Mdogo ndiye anayeanza. Mjukuu, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye meno ya mbele yanayogombania nafasi, akasimama, akamshukuru shangazi yake Muuguzi kwa kumfundisha kuogelea bila kumcheka. Muuguzi akafuta macho, maana analia kwa haraka kama anavyopima presha, akamshukuru wifi yake, mke wa Meneja, kwa zile wiki mbili alizolazwa, alivyokuwa akimletea uji kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha.

Mke wa Meneja akainuka. Begani mwa kiti chake ulining'inia mkoba mpya, wa ngozi nzuri, na macho ya Bi Halo yakanasa pale. Huyu mkamwana ndiye aliyemwekea mambo ya benki kwenye simu. Huyu ndiye aliyechagua naye ile namba ya siri.

"Ndiye huyo anayeongea?" ikauliza sauti, kama iliyomwona anakotazama. "Sisemi kitu, mama. Mchunguze tu."

Bi Halo akamchunguza. Mwanamke aliyempikia, aliyemsuka nywele mkono wake ulipovunjika, sasa anamtazama kama mchuuzi anavyotazama noti iliyochakaa. Mkamwana alikuwa akimshukuru mumewe kwa kujifunza kupiga pasi akiwa na miaka hamsini, watu wote wakacheka, Meneja akainama kwa heshima kama mshindi wa kombe. Bi Halo akacheka kwa kuchelewa. Alisikia kicheko chake mwenyewe kikirudi kwenye waya.

Meneja akasimama, akaweka mikono miwili mezani, vile anavyofanya ofisini.

"Mimi namshukuru Mjomba," akasema. "Kwa kukubali kulindwa. Si wazee wote wanaokubali. Wengine wangeleta ukaidi. Mjomba alitupa kadi yake kwa moyo mweupe, na mwaka huu mzima hakuna hata senti iliyopotea. Asante, Mjomba."

Wakapiga makofi. Hakuwa mtu mbaya, Meneja. Alimaanisha kila neno, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa. Fundi Saa aliinua macho akatabasamu, tabasamu la mtu anayepewa zawadi ambayo ni shati lake mwenyewe.

"Dakika nane," ikasema sauti.

Fundi Saa hakusimama haraka, magoti yalikuwa hayamruhusu. Alisafisha koo.

"Asante yangu ni ya zamani kidogo," akasema. "Ilikuwa niitoe mwaka jana, lakini mwaka jana meza ilikuwa na shughuli nyingine." Muuguzi akatazama kitambaa cha meza. "Namshukuru mdogo wangu. Siku ile nilipotambua kwamba nimeibiwa, nilikaa kitandani tangu alfajiri nimevaa kiatu kimoja. Nilimpigia. Akaja. Hakuniuliza ni kiasi gani. Hakuniuliza akili zangu zilikuwa wapi. Aliniuliza, 'Umekula?' Nikasema bado. Akawasha jiko."

Akawageukia wengine.

"Nyinyi mnadhani nilitamani zawadi," Fundi Saa akaendelea, "nami sikuwahi kuwakanusha. Lakini yule mtu alinipigia kila siku, mwezi mzima. Aliniuliza nimelalaje. Aliniambia, 'Mzee wangu, ni mimi na wewe tu tunaojua.' Mimi tangu nizeeke, hakuna mtu aliyekuwa na siri na mimi. Siri zote zinasimamishwa nikiingia chumbani. Basi nikaishikilia ile, hata ilipoanza kunuka. Mpaka ilipokuja ile sahani. Asante, mdogo wangu. Ni hiyo sahani tu."

Akakaa. Hakusema lolote kuhusu siku iliyofuata ile ya sahani, siku ambayo mdogo wake huyohuyo alisema kadi ichukuliwe. Walikuwa watu wawili tu pale mezani waliojua kuwa asante ile imekatwa katikati, na mmoja wao alikuwa na waya sikioni.

Sikioni hapakuwa na sauti. Bi Halo akasikiliza. Kazi ile ilimfundisha tofauti ya laini iliyokufa na laini ambayo mtu amebana pumzi. Hii ilikuwa ya kubana pumzi. Afisa alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mzee asiyemjua.

Saa ya ukutani ikagonga mara tatu. Saa tisa kamili. Simu ikatetemeka pajani.

"Ujumbe umeingia," sauti ikasema, na sasa haikuwa na upole wa asubuhi. "Toka nao. Sema unakwenda msalani. Haraka, mama."

"Bibi, ni zamu yako," akasema Mjukuu. "Na hakuna kuinuka kwenda kokote, sheria ni sheria."

Bi Halo aliingiza mkono mfukoni. Kidole kikaikuta ile alama ya kukatia, aliijua kwa kupapasa. Angebonyeza tu. Angesema asante ya uongo na kweli, angekula, kesho angekwenda benki peke yake akawaeleza, na hakuna mtu angejua. Kadi yake ingebaki kwenye pochi yake, heshima yake ingebaki kichwani pake. Na likizo ijayo wangekaa tena hapa, mtu angeunguza chai, wangesema "usituletee ya Mjomba," wote wangecheka, na yeye angecheka nao. Akamtazama kaka yake, shati lake jeupe, kola iliyogeuzwa kwa sindano kuficha uchakavu kwa sababu shati jipya lilihitaji maombi na risiti. Kidole kikakataa kubonyeza.

Akasimama.

"Mimi namshukuru kaka yangu," akasema. "Kwa kunipigia simu siku ile. Mlisikia habari ya sahani mkaona mimi ndiye niliyefanya jambo. Jambo alilifanya yeye. Alipiga simu akasema, nimeibiwa. Mimi tangu saa tatu asubuhi nina simu mwilini, na nyumba imejaa watu wangu, na sijaweza kumwambia hata mmoja."

"Mama?" akasema Muuguzi.

"Kaa kimya, mama," ikasema sauti. "Utapoteza kila kitu. Kaa kimya."

Bi Halo aliutoa mtandio akauweka juu ya kiti. Wakauona waya. Akaitoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya meza kati ya viazi na bakuli la saladi. Mikono ilikuwa imetulia sasa, maana kazi hii ilikuwa inaijua.

"Subiri kwenye laini," akamwambia Afisa, kwa ile sauti ya kazini ambayo wanawe hawakuisikia tangu walipokuwa wadogo wakimsubiri mlangoni kwa shirika la simu. "Nakuunganisha."

Akachomoa waya, akabonyeza spika.

"...mama yangu, nisikilize, usifanye hivyo," sauti ikajaa chumba kizima. "Soma hiyo namba tu tumalize. Si tulikubaliana? Ni mimi na wewe tu tunao..."

"Hapana, kijana," akasema Fundi Saa, akiinama juu ya simu kama anavyoinama juu ya saa iliyofunguliwa mgongo. "Si wewe na yeye tu. Tuko sita."

Simu ikatoa mlio mfupi, ikanyamaza.

"Amekata," akasema Mjukuu.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema Bi Halo. "Mpigaji ndiye anayekata." Kisha akakaa kitini.

Palizuka kelele ambazo mtu hawezi kuzipanga. Muuguzi alikuwa analia na kumpima mama yake mapigo ya moyo kwa wakati mmoja. Meneja alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Ulimsomea namba? Mama, ulimsomea?"

"Ya kwanza, ndiyo. Ya pili iko hapo, sijaifungua."

"Lete simu. Lete na kadi, nipige benki."

"Nitapiga mwenyewe," akasema Bi Halo, na akatoa pochi.

Namba ya benki ilikuwa nyuma ya kadi, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mke wa Meneja ndiye aliyemletea miwani, akamshikia kadi kwenye mwanga wa dirisha, akamsomea taratibu. Bi Halo akautazama mkono ule.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimekudhania wewe. Nimeutazama mkoba wako huo mchana kutwa."

"Nilikuona, Mama," akasema mkamwana. "Nilidhani umeupenda. Nilikuwa nataka nikuachie."

Bi Halo akaongea na benki mbele ya wote. Alieleza saa, maneno, namba aliyoisoma, bila kuficha lolote. Walimweka kwenye muziki kwa muda mrefu, chakula kikipoa, hakuna aliyegusa uma. Msichana wa benki aliporudi alisema akaunti imefungwa; kiasi kidogo kimetoka cha majaribio, kile kikubwa kilikuwa kinasubiri namba ya pili. Kimebaki. Bi Halo alimshukuru, akamsubiri akate kwanza.

Basi wote wakashusha pumzi. Meneja akasogeza kiti chake karibu na cha mama yake. Hasira ilikuwa imemtoka, amebaki na huruma, na huruma yake ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa. Aliweka mkono mezani, juu ya kadi, kwa upole tu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Umekula, Mama?" akauliza.

Bi Halo akaitazama sahani yake iliyojaa, kisha ule mkono. Aliujua wimbo huu. Yeye ndiye aliyeutunga: sahani leo, kadi kesho. Upande wa pili wa meza kaka yake alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu likizo iliyopita uso wake haukuwa na lile tabasamu la kuazima.

"Mwambie bado," akasema Fundi Saa taratibu. "Ukishakula tu, kesho wanakuja."

"Mjomba, hakuna mtu amesema..." Meneja akaanza, akaona mkono wake ulipokuwa, akauondoa.

"Bado," akasema Bi Halo. "Na sitakula mpaka kadi ya kaka yangu irudi mezani. Mimi ndiye niliyesema ichukuliwe. Mimi ndiye ninayesema irudi."

"Mama, tulikuwa tunamlinda."

"Mlinzi hukaa nje ya mlango, mwanangu. Sisi tuliingia ndani tukamfungia." Akashika ukingo wa meza ili sauti isimkimbie. "Mtulinde. Mimi leo nimelia moyoni nikitaka mtu anilinde. Mkiniona nakohoa kohoa, niulizeni nani yuko kwenye simu. Mkiniona nimenyamaza, kaeni na mimi. Benki tutakwenda wote, tuwaulize namna ya kuzuia pesa kubwa zisitoke bila watu wawili kujua. Lakini kadi ni ya mwenye kadi. Na neno 'ya Mjomba' nisilisikie tena nyumbani kwangu, maana sasa ni ya Mama pia."

Meneja akatazama mkewe, mkewe akamtazama bila kumsaidia. Hatimaye akatoa pochi mfuko wa nyuma. Kadi ya Mjomba ilikuwa nyuma ya kadi zake, imekaa mwaka mzima mpaka imegandana na ngozi, akaibandua kwa ukucha. Akainuka, akazunguka meza, akamwekea mjomba wake mbele yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Mjomba," akasema.

Fundi Saa aliichukua, akaigeuza mbele na nyuma, akaitia mfuko wa shati. Kisha akajaribu kuufunga mfuko ule, kitufe kikamshinda. Vidole vilivyokaza skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi vilikuwa vinatetemeka, vinakosa tundu, vinarudi, vinakosa tena. Bi Halo akanyoosha mikono akamfungia. Halafu akavuta sahani yake, akaanza kula chakula kilichopoa.